Kambi ya Vijana Ifuate Saa za Mvuvi

Shule zikifungwa Desemba, barabara zinazotoka Dar es Salaam kwenda pwani hujaa Coaster za vijana. Wapo wa kwaya, wa usharika, wa madrasa, wa skauti, na wale wa mtaani walioanza na kikundi cha kuweka na kukopa, sasa wameona wakapunge upepo pamoja. Mbele ya gari kuna bango lenye picha ya mlezi, kubwa kuliko jina la kikundi. Ndani kuna spika mbili, jenereta, masufuria ya kukodi, magunia ya mkaa, viti vya plastiki na vijana wenye fulana mpya za rangi moja. Wanakwenda Kigamboni, Kimbiji, Bagamoyo; wenye mfuko mnene hufika hadi Pangani.

Ukiomba ratiba utaonyeshwa. Mada ya kwanza saa tatu asubuhi. Mada ya pili saa tano. Chakula saa saba. Mada ya tatu saa nane mchana, chini ya turubai. Kisha, kama zawadi ya kuvumilia, “uvuvi na michezo ya ufukweni” saa tisa hadi saa kumi na moja jioni.

Huyu aliyeipanga alikuwa amekaa chini ya feni. Ni ratiba ya ukumbini iliyopakiwa kwenye gari pamoja na viti, ikashushwa mchangani bila kubadilishwa hata nukta. Nami nasema mapema ili tusipotezeane muda: kambi ya pwani wakati wa joto, hasa yenye uvuvi ndani yake, apange mvuvi. Yeye aseme saa ya kuamka, saa ya kuingia majini, saa ya kulala kivulini na saa ya kuwasha moto. Mwenyekiti, katibu na mlezi wajaze mada zao katika nafasi zitakazobaki. Zisipobaki, basi.

Jua halina mwenyekiti

Mchana wa Januari au Februari, Dar es Salaam hufika nyuzi 32, hata 33. Mtu wa bara akiisikia namba hiyo anaweza kucheka, kwamba mbona kwao ni zaidi. Asichokihesabu ni unyevu. Mwili wa binadamu hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani imeshashiba maji, kwa hiyo jasho linatoka, linatiririka, linalowesha fulana, na joto linabaki palepale lilipokuwa. Ongeza mchanga unaorudisha mwanga usoni, ongeza bahari inayofanya hivyohivyo, ongeza kijana aliyekunywa soda moja tangu asubuhi kwa sababu maji ya kambi yako ndani ya ndoo iliyoachwa juani.

Dalili huanza kwa unyenyekevu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inakaza, mtoto anataka kukaa. Hapo ndipo kiongozi wa michezo humwita mvivu. Akilazimishwa kuendelea na joto la ndani ya mwili likapita nyuzi 40, ataanza kuropoka, hatajua yuko wapi, kisha ataanguka. Hiyo si ya kumwombea tu na kumpepea kwa daftari. Ni dharura ya hospitali, na wakati gari linatafutwa anatakiwa awe kivulini, amevuliwa nguo nzito, anamwagiwa maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu.

Halafu kuna mahema. Tumeyaona kwenye sinema, tukayapenda. Lakini hema la nailoni lililopigwa mchangani pasipo mti, ikifika saa tano ni oveni. Watu wa pwani wenyewe walishajibu swali hili zamani kwa banda la makuti lililo wazi pande zote, nasi tunapita mbele ya mabanda hayo tumebeba mahema tuliyokodi kwa bei ya siku tatu za msosi.

Mwenye kudhani natia chumvi aikumbuke Korea Kusini, Agosti 2023. Jamboree ya skauti duniani ilikusanya vijana zaidi ya 40,000 kutoka nchi zaidi ya 150, mahali paitwapo Saemangeum. Ni ardhi iliyonyang’anywa bahari kwa kujengewa ukuta: tambarare, tupu, haina miti. Joto lilifika karibu nyuzi 35. Siku chache tu vijana wakawa wanatibiwa kwa mamia. Waingereza, waliokuwa wamepeleka watu wapatao 4,500, wakawahamishia hotelini. Wamarekani nao wakafunga mizigo. Mwisho kikatangazwa kimbunga Khanun na kambi nzima ikahamishwa kabla ya siku zake kutimia.

Korea si nchi maskini. Ina mabasi, ina jeshi, ina hospitali za kuonewa wivu. Na skauti si wageni wa mahema. Wamekuwa wakipiga kambi tangu Baden-Powell alipowapeleka wavulana wachache kwenye kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, huyohuyo aliyezikwa Nyeri mwaka 1941. Fedha zilikuwapo, uzoefu ulikuwapo. Kivuli ndicho hakikuwapo. Sasa kikundi cha vijana arobaini chenye turubai moja la bluu kina ujasiri gani wa kupanga mada saa nane mchana?

Siku ya mvuvi ilivyo

Mvuvi wa mshipi haendi na saa ya ukutani. Anaangalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya bahari yetu hujaa sana na kukupwa sana, ndiyo bamvua. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, kuna maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana, na mkondo wake ni mpole. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mtoto wa Kunduchi au Mlingotini anayajua haya kabla hajajua kusoma, ilhali katibu wa kambi mwenye shahada hana habari.

Tazama basi ile “saa tisa hadi saa kumi na moja” ya kwenye ratiba. Kambi ikiangukia bamvua, mwambao wa Dar es Salaam maji hukupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati ambao vijana wangetembea juu ya mwamba wakaona pweza, kaa, majongoo na kila kilichojificha, nao wako kwenye mada ya pili. Ifikapo saa kumi jioni maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, upepo wa kaskazi umepata nguvu, na ndipo wanaruhusiwa kukimbilia majini, arobaini kwa mpigo, wengi wao hawajui kuogelea. Kwa hiyo ratiba imewanyima bahari ilipokuwa salama na kuwapa ilipokuwa na kina.

Wiki ya maji mafu mambo hugeuka. Maji huanza kujaa taratibu alfajiri na kufika mwisho wake yapata saa nne asubuhi. Kwa mwanafunzi wa mshipi hakuna wakati mzuri kama huo. Kwa hiyo ningeanza hapo: kabla ya kulipia gari, kiongozi afungue kalenda ya mwezi, kisha apange tarehe.

Kinachofuata hakihitaji mtaalamu. Saa kumi na moja alfajiri wote wameamka, wenye swala wameswali, wenye ibada wameimba wimbo wao mmoja. Jua likichomoza mishipi iko majini. Saa tatu na nusu wote nchi kavu. Samaki wanaparuliwa, moto unawashwa, saa tano watu wamekula. Kuanzia saa sita hadi saa tisa na nusu hakuna mtu juani. Ni kulala, kusuka, kucheza bao, kutengeneza nyavu, kusikiliza hadithi. Saa kumi wanarudi ufukweni. Mada, kama ni lazima, ziwe usiku baada ya chakula, upepo ukiwa umetulia na masikio yakiwa tayari.

Najua litakaloulizwa. Tumewachangisha wazazi fedha ili watoto wakalale mchana? Ndiyo. Waislamu wana kailula, usingizi wa mchana ambao ni katika suna. Hawahitaji kufundishwa na mwandishi wa gazeti. Wakristo wanaosema kambi ni ya roho, na samaki ni anasa, wairudie Injili ya Yohana sura ya 21. Wanafunzi walikesha majini bila kupata kitu, na kulipokucha walimkuta Bwana ufukweni ana makaa na samaki juu yake. Walikula kwanza. Mazungumzo mazito na Petro yalikuja baada ya kifungua kinywa.

Mshipi mkononi

Uvuvi wa kambi nyingi niliouona ni wa kupiga picha. Mtumbwi mmoja unakodiwa, vijana wanapanda kwa zamu, kila mmoja anashika kasia, anapigwa picha, anashuka. Jioni samaki wananunuliwa kwa mchuuzi, na kwenye kundi la WhatsApp inaandikwa kwamba vijana wamevua.

Mshipi hauhitaji mtumbwi. Ni uzi wa nailoni uliozungushiwa kipande cha ubao au chupa, ndoana, na chubwi ya risasi ya kuuzamisha. Mzee anayejua kazi yake huanza na fundo. Uzi unapita kwenye tundu la ndoana, unajizungusha mara kadhaa, unarudi ndani ya kitanzi, unaloweshwa mate, kisha unavutwa. Ukiuvuta mkavu unajikata wenyewe. Kijana wa miaka kumi na minne, mwepesi wa simu kuliko babu yake, atakaa na fundo hilo nusu saa, na hakuna atakayemharakisha. Halafu chambo: kipande cha ngisi au kamba, kidogo, kifunike ncha lakini kisiwe mnofu wa kuliwa bure. Halafu kusubiri. Uzi unapumzishwa juu ya kidole cha shahada, na kidole kinajifunza kutofautisha wimbi, mwamba na samaki anayedonoa. Anayedonoa hajala. Ukivuta mapema umemfukuza. Akibeba, uzi unanyooka, na hapo hakuna anayehitaji kuambiwa.

Changu mmoja wa urefu wa kiganja akitoka majini, mtoto huyo atakuwa amejifunza subira kuliko katika semina nzima ya subira. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema waliotutangulia. Hawakusema anayehudhuria mada.

Na mwalimu huyu alipwe. Lipo zoea la kumwita mvuvi “mzee wetu wa hapa”, kumwamsha usiku, kumchosha asubuhi nzima, kisha kumpa fulana iliyobaki na soda. Mtoa mada aliyetoka mjini anapewa bahasha na nauli ya kurudi. Nani kati ya wawili hao aliyewarudisha watoto wote salama?

Mahali pa kuvua, na samaki wa kuacha

Hapa mvuvi anahitajika hata zaidi, kwa kuwa kosa la mgeni baharini linaweza kuwa la kisheria au la mauti. Vikundi vingi vya Dar es Salaam hupenda Mbudya na Bongoyo, na ni visiwa vizuri kwa kuogelea na kutembea. Lakini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Kuvua humo ni marufuku. Kwingineko pwani, waone kwanza viongozi wa BMU wa kijiji, wanaosimamia uvuvi wa hapo. Watakueleza panapofaa, na watajua mko wangapi endapo mmoja hataonekana jioni.

Kokoro lisikaribie kambi. Nyavu hizo za kukokota hadi ufukweni zimepigwa marufuku kwa sababu zinazoa vitoto vya samaki na kung’oa majani ya bahari wanamokulia. Wapo viongozi wanaoona ni “mchezo mzuri wa ushirikiano”, vijana ishirini wakivuta kamba huku wakiimba. Wapo pia wanaochukua chandarua cha mbu na kuchota dagaa kama mzaha. Tukimfundisha kijana wa mjini kuvua kwa namna ambayo kijana wa Kimbiji akiifanya anakamatwa, tumemfundisha nini?

Kisha kuna bunju. Anavimba akitolewa majini, watoto wanacheka, anapitishwa mkono kwa mkono. Sumu yake iko zaidi katika ini, mayai na ngozi. Haiishi kwa kuchemshwa wala kukaangwa, hulegeza misuli hadi ya kupumulia, na haina dawa ya kuiua. Kambini samaki wa vijana huenda moja kwa moja kwenye sufuria la pamoja, na mpishi mwenyewe labda ametoka Iringa. Kwa hiyo hakuna samaki anayeingia jikoni kabla mvuvi hajamtazama. Atamtambua pia tasi, mtamu sana, mwenye miiba ya sumu inayochoma mkono wa anayemtoa ndoana ovyo. Ukichomwa, mkono unatiwa katika maji ya moto ambayo ngozi inaweza kuyavumilia, na maumivu hupungua.

Wasichana wasiachiwe masufuria

Kuna jambo linaloniudhi katika kambi hizi kuliko hata spika. Wavulana wakienda majini, wasichana wanabaki wanachambua mchele. Hakuna aliyetangaza iwe hivyo. Inatokea tu, kila kambi, kila mwaka. Na bahari yenyewe haiujui mgawanyo huo. Kando ya pwani hii wanawake wamekuwa wakivua pweza kwa miguu juu ya mwamba, kijiti mkononi, na kutanda dagaa kwenye maji ya magoti. Kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani, mwanamke anayejua tundu la pweza liko wapi halionyeshi kwa mtu. Aitwe afundishe. Bamvua la asubuhi ni darasa lake.

Hapohapo lianze somo la kuelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na wengi wa waliozama ni watoto na vijana. Sisi tuna bahari, Ziwa Viktoria, Tanganyika, Nyasa, na mabwawa ya kila kona, ilhali mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne bila kufundishwa kulala chali juu ya maji. Kwa msichana kisingizio huwa ni stara. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulishawafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima, wakufunzi wao wakiwa wanawake. Kama Nungwi imewezekana, Kinondoni kuna nini?

Hesabu ya mchango

Tuje kwenye mfuko wa mama. Tuseme mchango ni shilingi 40,000 kwa mtoto. Kwa mama anayeuza maandazi hizo ni fedha alizozibana wiki kadhaa, na mara nyingi anao watoto wawili wa umri huo, kwa hiyo mmoja ataambiwa asubiri mwakani. Zinakwenda wapi? Fulana, bango, kukodi spika na jenereta, mafuta ya jenereta, nauli ya mtoa mada. Ukiuliza jaketi okozi ziko ngapi utaambiwa mtumbwi hauendi mbali. Ukiuliza sanduku la huduma ya kwanza utaonyeshwa pamba na panadol.

Ondoa fulana peke yake. Kila kijana ana ya mwaka jana. Fedha hiyo inakodi jaketi, inanunua mishipi na ndoana za kikundi zitakazodumu miaka, inamlipa mvuvi na mwenzake mmoja wa kukaa ufukweni kuhesabu vichwa, na inanunua sukari na chumvi. Naam, sukari na chumvi: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, kwa kijana aliyetoka jasho hadi kulegea. Madafu yako mtini, na aliyeyapanda anauza kwa bei ya chini kuliko soda iliyosafirishwa kutoka mjini.

Faida nayo hurudi nyumbani. Mtoto aliyeparua samaki kambini akiwa ameketi na kisu, akaona tofauti ya jicho lililo angavu na lililofifia, ya shavu jekundu na la kahawia, unaweza kumtuma soko la samaki la Feri alfajiri na asiuziwe samaki wa juzi. Kwenye nyumba inayonunua mboga kwa fedha ya siku ileile, hiyo ni akiba.

Lakini mama huyo asisubiri viongozi wabadilike wenyewe. Kabla hajatoa mchango, anayo haki ya kuuliza kwenye kikao, mbele ya watu, na majibu yaandikwe. Nani kati yenu anajua kuogelea, na atakuwa majini au jukwaani? Kivuli cha watoto wote kiko wapi, cha mti au cha turubai? Mvuvi wenu anaitwa nani, naye ameiona ratiba? Hospitali ya karibu iko umbali gani, na usiku gari litakuwapo au litakuwa limerudi mjini kubeba abiria? Na kama jibu la swali lolote ni “tutaona hukohuko”, fedha irudi kwenye pindo la khanga.